Ubao Ushukao Majini: Mazungumzo kwa Wenye Mashua za Kukokotwa

Jioni hii nimekusudia kusema juu ya kitu ambacho chombo kiwapo majini hakionekani, na kiwapo nchi kavu watu hukipita bila kukitazama, nacho ni ule ubao ushukao chini ya mashua ndogo ya tanga ili upepo usiichukue ubavuubavu. Na katika kusema juu yake nitalinganisha namna zake mbili zilizo mashuhuri, kisha nitatoa rai yangu ni upi uwafaao watu wa Ngara na Biharamulo, na ni kwa njia gani mwenye ubao mbaya aweza kuutengeneza ukawa mwema bila kutumia mali nyingi.

Najua msikilizaji wa Ngara yu tayari kunicheka, akisema kwamba sisi tu watu wa vilima na migomba, na mito yetu miwili, Ruvubu na Kagera, hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo hapana mwenye akili atakayetweka tanga. Hoja yake ina nusu ya haki. Biharamulo nayo, ambayo zamani ilifika kwenye Nyanza, yaani Ziwa Victoria, na bandari yake ikawa Nyamirembe, imebaki nchi ya bara tangu Chato ilipotengwa nayo, na Chato yenyewe imo katika Mkoa wa Geita tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Na Ziwa Burigi, ambalo lingekuwa karibu zaidi, tangu mwaka 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, hata hapana atiaye chombo humo ila kwa idhini ya wenye hifadhi. Walakini hayo yote ndiyo yanayonifanya niseme. Mtu wa Ngara au Biharamulo apendaye kusafiri kwa tanga, awe mwalimu, tabibu, mfanyabiashara au mtumishi wa misheni, hana budi kukiweka chombo chake nyumbani, akakikokota kwa trela mpaka mwaloni Nyamirembe au Kasenda, akakishusha asubuhi na kukipandisha jioni. Na chombo kiendacho kwa barabara hakiwezi kuwa na mkuku mrefu wa kudumu, kwa maana hakitakaa sawasawa juu ya trela, wala hakitakubali kushushwa penye mwalo ambao maji yake, hata ukienda hatua nyingi, yanakufika magotini tu. Sharti kiwe na mkuku uinukao, yaani ubao huu.

Wala si jambo geni kwa nchi hii chombo kupita juu ya ardhi. Henry Morton Stanley, baada ya kuizunguka Nyanza kwa mashua mwaka 1875, alikwenda Karagwe kwa Rumanika, na katika mwaka 1876 akateremka kusini kwa kupita Usui, nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Biharamulo ya leo, na katika safari hiyo ya nchi kavu mashua yake iitwayo Lady Alice ilikuwa mabegani mwa wapagazi, imefunguliwa vipande vipande. Ilikuwa chombo cha futi 40, kilichoundwa Teddington, Uingereza, kwa mbao za mierezi. Na vipande vyake vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito na vipana mno kwa njia za porini, hata ikalazimu fundi aviunde upya kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo. Damu aliyoimwaga mtu yule katika kisiwa cha Bumbire, jirani zetu wa Muleba wanayo habari yake, nami siwezi kulitaja jina lake katika nchi hii nikanyamazia hilo; illa kwa jambo letu la leo nachukua kwake fundisho moja tu, kwamba chombo kitakachovuka nchi kavu hupimwa uzito wake na kina chake siku kinapoundwa, kwa kuwa njiani hapana fundi wala wasaa.

Sasa tuutazame ubao wenyewe na kazi yake. Upepo ukiwa wa tezi, unaokisukuma chombo kutoka nyuma, ubao hauna kazi kubwa, na nahodha aweza kuuinua karibu wote ili maji yasipate mahali pa kumkawilisha. Taabu huanza upepo unapokuwa wa matanga, utokao ubavuni, au wa omo, utokao mbele, kwa sababu hapo sehemu kubwa ya nguvu yake haiendi mbele bali yaenda ubavuni, na chombo chenye tumbo bapa, kisicho na kitu cha kuyashika maji, huteleza kuelekea demani, upande uendako upepo, kwa namna ambayo mwenye usukani aweza kuielekeza omo kwenye mti mmoja wa ng'ambo na baada ya saa moja akajikuta mbele ya mti mwingine kabisa. Ubao ukishuka, maji huupinga upande ule. Na kwa kuwa chombo hakiendi sawasawa kabisa na omo yake bali kimeinama kidogo, maji hupita juu ya nyuso mbili za ubao kwa mwendo usio sawa, na ubao huvutwa kuelekea goshini, upande utokako upepo, kama bawa la ndege livutwavyo juu na hewa. Hii ndiyo sababu ubao mrefu na mwembamba hufanya kazi bora kuliko mfupi na mpana ulio na eneo lile lile, na ndiyo sababu, tutakavyoona, umbo la kingo zake lina thamani kuliko ukubwa wake.

Wazee wa mwambao waliijua hikima hii bila ya kusomeshwa na mtu. Zile ndubi mbili za ubavuni mwa ngalawa hazikuwekwa kuizuia isipinduke tu. Ni mbao zilizowekwa mshazari, na ile iliyo demani ikizama huyashika maji na kukizuia chombo kisichukuliwe. Watu wa pwani ya Peru na Ecuador walikuwa wakichomeka mbao katikati ya magogo ya vyelezo vyao, wakiinua huu na kushusha ule mpaka chelezo kikafuata njia waliyoitaka, na Waholanzi, ambao bahari yao ni ya mchanga na maji haba, walitundika mbao kubwa ubavuni mwa vyombo vyao, huu kulia na huu kushoto. Katika mwaka 1774 ofisa mmoja wa manowari za Kiingereza, John Schank, aliunda huko Boston mashua yenye mkuku wa kuteremshwa kupitia sakafuni, na baadaye serikali yake ikaunda kwa shauri lake merikebu ndogo Lady Nelson, ya mwaka 1798, yenye mikuku mitatu ya namna hiyo, ambayo ilipelekwa kuchunguza pwani za Australia. Ubao uzungukao juu ya bawaba ulipata hataza yake Marekani mwaka 1811, kwa jina la watu watatu wa ukoo wa Swain, wa New Jersey. Historia yatosha.

Namna ya kwanza, basi, ni ubao wa kuchomeka: hushuka wima katika nyumba yake, yaani lile sanduku jembamba lililosimama katikati ya mashua na kutoboka mpaka chini, na ukitaka kuutoa wauvuta juu kwa mkono mpaka uwe nje wote. Ndio uliomo katika Optimist, kile kichombo cha watoto alichokibuni Clark Mills huko Florida mwaka 1947. Ndio uliomo katika Laser ya Mkanada Bruce Kirby, na katika Mirror, iliyobuniwa na Barry Bucknell na Jack Holt mwaka 1962 ili mtu wa kawaida aweze kuishona na kuigundisha nyumbani kwake kwa mbao za plaiwudi. Namna ya pili ni ubao wa bawaba: umefungwa kwa bolti moja upande wa mbele wa nyumba yake, nao huzunguka juu ya bolti hiyo ukashuka kwa kamba na kupanda kwa kamba, na hata ukipanda hubaki ndani ya nyumba. Jack Holt huyo huyo aliutia katika GP14 mwaka 1949, na Ian Proctor akautia katika Wayfarer mwaka 1957, ambayo ni mashua ya chini ya mita 5, ya kukokotwa kwa gari dogo, na ambayo Mwingereza mmoja, Frank Dye, aliisafirisha mpaka Iceland mwaka 1963.

Mkilinganisha namna hizi mbili juu ya karatasi, bila ya kufika ziwani, ubao wa kuchomeka ndio utakaoshinda. Nyumba yake ni fupi, haili nafasi ya abiria. Hauna bolti chini ya usawa wa maji, kwa hiyo una mahali pachache pa kuvujia. Hujaza ule upenyo wa chini barabara, pasibaki shimo refu la maji kuzungukazunguka na kukikawilisha chombo. Huwa mwepesi, ni rahisi kuuchonga katika umbo jema, na siku ukivunjika fundi seremala yeyote wa Biharamulo aweza kuunda mwingine kwa kuutazama ule wa kwanza. Na barabarani waufunga blanketi ukaulaza ndani ya gari, trela ikabaki na mashua tupu. Mimi sina ugomvi na sifa hizo, zote ni za kweli.

Lakini tushuke mwaloni. Katika pembe yetu ya kusini-magharibi ya Nyanza, jua likishapanda na nchi kavu kupata moto, upepo hutoka ziwani kuja pwani, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo mtu aliyeondoka Biharamulo alfajiri, akafika mwaloni na kukishusha chombo chake saa nne au saa tano, atakuta upepo wa omo, unaomrudisha pwani, na sharti abishe, yaani aende mshazari kuukabili upepo, tangu hatua ya kwanza, mahali ambapo maji ni haba na ubao hauwezi kushushwa wote. Hapo ndipo penye mtihani wa namna hizi mbili. Mwenye ubao wa kuchomeka ataushusha nusu, nao utasimama wima, na mizani ya chombo haitaharibika. Hilo ni jema. Lakini ukigusa jiwe au shina la mti lililozama, hauna pa kwenda: chombo husimama kwa ghafla, ncha ya ubao huvunjika au, baya zaidi, ubao huupiga ukuta wa nyuma wa nyumba yake na kuupasua, na tangu hapo mashua inapokea maji kutoka moyoni mwake, na kama upepo una nguvu, kule kusimama kwa ghafla kwatosha kuipindua. Mwenye ubao wa bawaba akigusa jiwe lile lile husikia mgongano, ubao ukazunguka ukapanda wenyewe, na ukipita jiwe ukashuka tena. Kasoro yake ni kwamba ukiwa nusu umeelekea nyuma, na nguvu ya maji nayo imehamia nyuma, hata chombo hupenda kugeuza omo yake demani na kuukimbia upepo wakati ule ule unapohitaji kuukabili; dawa yake ni kulilegeza kidogo tanga la mbele na kukaza la nyuma, mpaka upate maji ya kutosha ya kuushusha wote.

Kisha kuna magugu. Gugumaji liliingia katika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto wetu wa Kagera umekuwa mojawapo ya njia lilizozipitia, kwa hiyo kila mtu wa Ngara aliyesimama darajani Rusumo ameyaona majani yale yakiteremka na maji. Mizizi yake ni mirefu yenye nyuzi, na ikikutana na ubao uliosimama wima huuzingira na kubaki hapo, mpaka chombo kikawa kama kimetia nanga; nahodha sharti auvute ubao juu ili mizizi ikwanguliwe na mdomo wa nyumba, na mara nyingi sehemu yake huingia ndani na kuukaza ubao usipande wala usishuke. Ubao wa bawaba, ukiwa umelegezwa kidogo tu ukaelekea nyuma, ukingo wake wa mbele huwa mteremko, na mizizi huteleza mpaka nchani na kwenda zake. Kadhalika pana jambo ambalo anayejifunza hulijua kwa kuumia: ubao wa kuchomeka ukiinuliwa husimama juu ya nyumba yake katikati ya mashua, na tanga linapogeuzwa na upepo wa tezi, ile boriti ya chini ya tanga yaweza kuugonga, tanga likakwama katikati, na chombo kikaenda mrama.

Nisije nikaonekana kuwa wakili wa upande mmoja. Ubao wa bawaba una aibu zake, na kubwa yao ni nyumba. Nyumba hii ni ndefu, huigawa mashua sehemu mbili hata mtu mnene hana pa kuweka miguu, na upenyo wake mrefu huudhoofisha mkuku pale pale unapohitaji nguvu. Huvuja mahali pawili: penye kiungo cha kuta zake na mkuku, na penye bolti. Ukiipandisha mashua juu ya ufuko wa changarawe, vijiwe huingia upenyoni, na safari ya pili ubao umekaza, nahodha yuko mita mia kutoka pwani akisukumwa demani na hana la kufanya ila kurudi kwa makasia. Watu wengi waliouchukia ubao wa bawaba, ukiwauliza vizuri, utaona waliichukia nyumba iliyoundwa kwa haraka.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza asianze na ubao. Aanze na nyumba yake. Nguvu yote ya tanga inayokwenda ubavuni hufika kwenye ubao, na ubao nao huisukuma nyumba kwa chini upande mmoja na kwa juu upande wa pili, kila wimbi na kila pumzi ya upepo, mpaka kiungo cha chini kikafunguka. Fundi akitia lami juu ya ufa huo atapata wiki mbili za amani. Dawa ya haki ni kuzifungua kuta, kuziranda zikae sawasawa juu ya mkuku, kuzilaza upya katika gundi ya rezini au, kwa chombo cha mbao za kawaida, katika pamba ya kukalafati iliyolowa mafuta, kuzikaza kwa skrubu za shaba zinazopanda kutoka chini, na kisha kuufunga ubao wa kukalia unaokatiza mashua juu ya nyumba, ili kichwa chake kisipate kutikisika. Bila ya ubao huo wa kukatiza kazi nyingine zote ni bure. Bolti iwe ya shaba nyeusi au ya chuma kisichoshika kutu, na kila upande uwekewe pete ya mpira chini ya nati. Ikiwa mashua inaundwa upya, fundi aiweke bolti juu kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa iliyo juu ya usawa wa maji haivuji kamwe. Na mdomo wa juu wa nyumba uwe juu ya maji hata mashua ikiwa imejaa watu, jambo dogo ambalo nimeona likisahauliwa.

Baada ya nyumba, upenyo. Chukueni vipande viwili virefu vya turubai nene ya tanga, au vya mpira wa ndani wa tairi la lori, mvipigilie kwa vipande vyembamba vya mbao huku na huku chini ya mashua, kingo zake zikutane katikati ya upenyo. Ubao ukishuka hupenya baina yake, na mahali ambapo hapana ubao mpira hufunga njia. Maji hayatarukia tena ndani kwa mdomo wa nyumba, vijiwe vya ufukoni vitabaki ufukoni, na chombo kitakwenda vizuri zaidi kuliko ambavyo gharama yake ingekupa matumaini. Kwa mwenye ubao wa kuchomeka mpira huo huo una kazi nyingine: kipande kinene kikiwekwa ndani ya ukuta wa nyuma wa nyumba, ubao ukigonga jiwe utapigana na mpira kabla ya kupigana na mbao.

Ndipo tufike kwenye ubao wenyewe, na hapa mafundi wetu hukosea kwa kudhani kwamba ubao ni ubao. Wengi huuchonga bapa pande zote mbili, wakauzungusha kingo kidogo kwa msasa, wakaupaka rangi. Ubao wa namna hiyo hushika maji kwa eneo lake tu. Ubao ulioumbwa sawasawa huwa na ukingo wa mbele wa mviringo, mfano wa nusu yai lililorefushwa, ukanenepa polepole mpaka kufikia unene wake mkubwa karibu na theluthi ya kwanza ya upana, kisha ukapungua taratibu mpaka ukingo wa nyuma, ambao usiachwe mkali kama kisu kwa kuwa utavunjikavunjika, bali ukatwe mraba ukiwa na unene wa milimita 3 hivi. Ukiuacha wa duara ubao huanza kuvuma chombo kikipata mwendo, na uvumi huo ni dalili ya nguvu inayopotea. Unene mkubwa uwe asilimia 10 hadi 12 ya upana, nyumba ikiruhusu. Ama eneo, kipimo cha kuanzia ni asilimia 4 ya eneo la matanga: mwenye tanga la mita za mraba 10 atahitaji kiasi cha sehemu 4 katika 10 za mita moja ya mraba chini ya sakafu, sawa na ubao wa kina cha mita 1 na upana wa sentimita 40. Fundi akate kwanza kiolezo cha bati, akilaze juu ya ubao huku akiranda, ili upande wa kulia usitafautiane na wa kushoto, maana ukitafautiana chombo kitakuwa hodari kikielekea upande mmoja na mvivu kikigeuzwa.

Katika miti, sisi tuna bahati. Mninga wa misitu yetu, uliokatwa kwa kibali na ukakaushwa kwa subira, ni katika mbao zisizovimba wala kujipinda sana, na ubao uvimbao ndani ya nyumba yake ni hasara juu ya hasara. Usichukue bapa moja pana. Pasua vipande vya upana wa sentimita 5, vigeuze kimoja baada ya kingine ili nyuzi zake zisielekee upande mmoja, ndipo uvigundishe. Acha nafasi ya milimita chache kila upande ndani ya nyumba. Mbao huelea, kwa hiyo wa kuchomeka huhitaji kamba ya mpira ya kuuzuia chini, na wa bawaba huhitaji kipande cha risasi kilichopachikwa karibu na ncha, pamoja na kamba mbili, moja ya kuushusha na moja ya kuupandisha. Na kama ni mzito, kamba ya kupandisha ipite katika makapi mawili ili hata mtoto aweze kuivuta. Wako wanaopendelea bamba la chuma lililopakwa zinki. Katika maji baridi ya Nyanza chuma huishi zaidi kuliko baharini, nacho hushuka chenyewe, lakini hakina umbo, na kikilegea usiku barabarani juu ya matuta ya Lusahunga ndipo utakapojua thamani ya kiwi. Kila ubao wa bawaba, wa chuma au wa mti, ukiwa safarini juu ya trela uzuiwe kwa kiwi cha chuma kinachopita katika nyumba na katika ubao pamoja, wala usining'inie kwa kamba yake.

Nina neno pia kwa wale ambao hawana mashua ya namna hii, bali wana mtumbwi wa mbao wa kawaida wa ziwani, na wameuwekea mlingoti na tanga la turubai au la magunia yaliyoshonwa. Hao huenda vizuri na upepo wa tezi, na upepo ukigeuka hushusha tanga wakashika makafi. Nawasihi wasiutoboe mkuku wa mtumbwi ili kuutia nyumba ya ubao, kwa maana mkuku ndio uti wa mgongo wa vyombo vile, na tundu refu katikati yake ni kukiua chombo polepole. Ikiwa fundi ameazimia kutoboa, basi aiweke nyumba kando ya mkuku, baina yake na ubao wa kwanza wa sakafu. Haitakuwa katikati barabara, na chombo hakitaona tafauti, kama wajenzi wa vyombo vya mbao vya Chesapeake, Marekani, walivyojua zamani. Lakini lililo bora kwao ni ubao wa ubavuni wa Kiholanzi: ubao mmoja uliotundikwa kwa bolti kwenye boriti iliyofungwa kukatiza mtumbwi, ukahamishwa upande wa demani kila tanga linapogeuzwa, au miwili ukitaka raha. Hapana tundu, hapana kuvuja, ukigonga jiwe hupanda, na jioni waifungua boriti ukaenda nayo nyumbani.

Na nisiache kusema kwamba ubao huu, hata ukiwa wa chuma, haukifanyi chombo kisipinduke. Wengi hudhani ni farumi, yaani uzito wa kukisimamisha chombo. Mkuku mzito wa risasi wa merikebu za bahari ni farumi. Ubao wa mashua ndogo uzito wake ni haba mno, na kinachoisimamisha mashua ni upana wake na watu walioketi goshini. Ikipinduka, ubao ndio utakaokanyaga ili kuinua tanga kutoka majini, na hapo ubao wa kuchomeka usiofungwa kwa kamba huchomoka ukaelea mbali, ukakuacha bila ya pa kukanyaga. Ufungwe. Na kila aliyemo chomboni avae boya tangu mwaloni, maana dhoruba za Nyanza haziombi ruhusa.

Rai yangu, basi, ni hii. Kwa mtoto anayejifunza, na kwa mtu mmoja mwenye kichombo chepesi cha kubebwa juu ya gari, ubao wa kuchomeka. Kwa mwenye mtumbwi, ubao wa ubavuni. Na kwa mtu wa Ngara au Biharamulo atakayekokota mashua ya watu watatu au wanne mpaka ufuko wenye mawe, magugu na upepo wa omo, ubao wa bawaba, hata kama utampunguzia nafasi ya miguu na kumgharimu bolti moja ya ziada. Na yule aliye na mashua tayari, akiwa na fedha za kutengeneza kitu kimoja tu mwaka huu, nampa shauri asinunue tanga jipya kabla hajaondoa uvujaji wa nyumba ya ubao wake.